Kumfunza Farasi Kijana: Mkao wa Mpandaji Kwanza, Lijamu Baadaye

Katika mashamba ya Mufindi, Iringa na Mbeya ambako bado wapo watu wanaofuga farasi, swali ninaloulizwa mara nyingi kuhusu farasi wa miaka mitatu au minne ni swali la chuma. Farasi anatupa kichwa, anaachama, anavuta hadi mabega ya mpandaji yanauma, na mwenye farasi anataka kujua ni lijamu gani kali zaidi litakalomtuliza. Naamini swali hilo linaanzia mwisho. Lijamu hupeleka kinywani kile tu ambacho mkono umefanya, na mkono hauwezi kutulia iwapo nyonga, mapaja na visigino vya mpandaji havijatulia. Mpandaji anayedundadunda juu ya tandiko huku ameshika lijamu laini kuliko yote bado humuumiza farasi, na akipewa lijamu kali humuumiza zaidi, na farasi kijana akishajifunza kwamba mkono wa mtu ni maumivu, kumfunza kinyume chake huchukua miezi mingi. Ndiyo sababu mwongozo huu unaanza na kinywa, unapita kwenye mkao na mikono, na chuma chenyewe kinakuja karibu na mwisho.

Humu, lijamu ni chuma kinachokaa kinywani, vigwe ni kanda mbili zinazotoka kwenye lijamu hadi mikononi mwa mpandaji, na hatamu ni vifaa vyote vya kichwani kwa pamoja.

Hatua ya kwanza: kagua kinywa na umri

Kati ya meno ya mbele na magego ya farasi kuna pengo lisilo na jino, na hapo ndipo lijamu hukaa, likilala juu ya ulimi na juu ya ufizi unaofunika ukingo wa mfupa wa taya la chini. Ukingo huo ni mwembamba na ufizi wake hauna nyama ya kupunguza shinikizo, kwa hiyo mvuto wa ghafla huenda moja kwa moja kwenye mfupa. Mbele ya gego la kwanza, hasa katika taya la juu, farasi wengi huota jino dogo la ziada kabla ya kutimiza miaka miwili, na lijamu likiligonga, farasi hutupa kichwa kila kigwe kinapoguswa. Isitoshe, magego ya utotoni hung'oka karibu na umri wa miaka miwili na nusu, mitatu na minne, huku meno ya mbele nayo yakibadilika kati ya miaka miwili na nusu na minne na nusu. Umri tunaopenda kuanza kumpanda farasi ndio umri ambao kinywa kinamsumbua hata bila sisi.

Mwite daktari wa mifugo kabla hujamtia lijamu lolote. Madaktari wengi wa ukanda wetu hushughulika zaidi na ng'ombe, hivyo uliza mapema nani amewahi kushughulikia meno ya farasi na ana vifaa vya kuyasawazisha, hata ikibidi kusubiri majuma kadhaa. Mwombe akague kingo kali za magego, ambazo huchubua mashavu kwa ndani, na aseme kama jino la ziada liondolewe. Kazi hiyo ni ya daktari mwenye dawa ya kumtuliza mnyama, wala si ya mtu mwenye koleo na wasaidizi wa kumshikilia. Jino likishaondolewa, kidonda kipone kabisa kabla ya chuma kurudi.

Kuhusu mwili, kumbuka kwamba mifupa ya mgongo wa farasi haikamiliki kukua hadi miaka mitano au sita. Kipimo kinachotumika sana kwa farasi mkomavu ni kubeba uzito usiozidi asilimia 20 ya uzito wake, tandiko likiwemo, lakini kwa farasi kijana mimi huona asilimia 15 inatosha. Farasi wa kilo 350 atabeba basi kilo 52 hivi, na ukitoa kilo nane za tandiko, mpandaji wake wa kwanza anapaswa kuwa mtu mwembamba. Kama nyumbani hakuna mtu wa uzito huo, endelea na mafunzo ya ardhini, yaani bila kumpanda, mpaka farasi akomae.

Hatua ya pili: tandiko

Hapa sitakaa sana, ila usiruke. Tandiko likiinamia nyuma, mpandaji huangukia nyuma na kujishikilia kwa vigwe. Likiinamia mbele, humsukuma juu ya mabega ya farasi. Liweke bila kitambaa cha chini, uone kama sehemu ya katikati iko sawa na ardhi, kama vidole viwili au vitatu vinapita kati yake na sehemu iliyoinuka ya mabega, na kama mwisho wake hauvuki ubavu wa mwisho. Farasi kijana hubadilika umbo haraka, hasa nyasi zinaponawiri baada ya mvua kuanza mwishoni mwa mwaka, kwa hiyo tandiko lililomfaa Oktoba huenda likambana Februari.

Hatua ya tatu: jenga mkao wako juu ya farasi mwingine

Mkao haujengwi juu ya farasi anayefunzwa. Tafuta farasi mzee, mtulivu, aliyezoea kuzungushwa kwa kamba ndefu, na msaidizi anayejua kumwongoza katika duara la kipenyo cha mita 20 hivi. Vigwe vifungwe shingoni ili mpandaji asivifikie, na badala yake farasi avalishwe ukanda wa shingo, ambao unaweza kuwa mkanda wowote wa ngozi imara. Mikono ikihitaji pa kushika, ishike hapo.

Anza farasi akiwa amesimama. Kaa sehemu ya tandiko iliyo chini kabisa, uhisi mifupa miwili ya makalio ikibeba uzito sawasawa, kisha acha mapaja yaning'inie na kulaza upande wake wa ndani juu ya tandiko bila kubana. Sehemu pana ya unyayo, iliyo nyuma tu ya vidole, ikae juu ya kikuku, yaani chuma cha kukanyagia kinachoning'inia kwa mkanda kutoka kwenye tandiko, na kisigino kishuke kidogo kwa uzito wake chenyewe. Msaidizi akisimama pembeni aone mstari mmoja wa wima ukishuka kutoka sikioni hadi begani, nyongani na kisiginoni. Kipimo rahisi cha ukweli wa mstari huo ni kujiuliza kama ungebaki umesimama iwapo farasi angeondolewa ghafla chini yako. Mwenye miguu iliyotangulia mbele angeanguka chali, na huyo ndiye huning'inia kwenye vigwe farasi anapoondoka.

Vijana wengi wanaokuja kujifunza siku hizi wametoka kwenye pikipiki, na mwili wao umeshazoea kubana tangi kwa magoti na kuegemea usukani kwa mikono. Juu ya farasi mazoea hayo mawili ndiyo ya kwanza kuondolewa. Magoti yakibana, makalio huinuka kutoka kwenye tandiko, kisigino hupanda, na mpandaji huwa juu juu. Mikono ikiegemea, mzigo wote huishia kwenye kinywa cha mnyama.

Farasi akianza kutembea, acha nyonga zako zifuate mgongo wake, nyonga ya kushoto na ya kulia zikipokezana, bila wewe kusukuma. Nyosha mkono mmoja juu, kisha mwingine, zungusha mabega, gusa masikio yake, gusa mkia, huku miguu ikibaki mahali pake. Mkao ukishatulia katika kutembea, ondoa miguu kwenye vikuku kwa dakika chache, kisha urudishe. Nenda kwenye mwendo wa matiti, ule wa kudundadunda, pale tu ambapo mpandaji anaweza kuzungumza bila kushikilia pumzi, kwa sababu anayezuia pumzi hukaza kiuno, na kiuno kilichokaza humrusha juu kila hatua. Msaidizi aseme anachokiona wakati uleule: "Dada, kisigino kinapanda," "Kaka, unatazama chini." Mtu aliye juu ya tandiko huwa ana hakika amekaa wima hata anapokuwa ameinama, na ni jicho la nje pekee linaloweza kumsahihisha.

Hatua ya nne: mikono

Zoezi linalofundisha mikono kuliko yote hufanyika bila farasi. Mtu mmoja ashike lijamu kwa mikono yake miwili, afumbe macho, na mwenzake akae kwenye kiti nyuma yake akiwa ameshika vigwe. Mwenye lijamu asogeze mikono mbele na nyuma polepole, jinsi kichwa cha farasi kinavyofanya anapotembea, na mwenye vigwe afuate kwa kufungua na kukunja viwiko, ili kigwe kisilegee wala kisikaze. Kisha wabadilishane. Aliyeshika lijamu atashangaa jinsi anavyohisi hata kidole kimoja kinapofungwa, na mvuto ambao mpandaji aliuona mdogo utamfikia yeye kama pigo.

Juu ya farasi, ukiangalia kutoka pembeni, kiwiko, mkono, kigwe na kinywa viwe katika mstari mmoja ulionyooka. Vidole gumba vikae juu, ngumi zifungwe bila kukazwa, na viwiko vining'inie karibu na mbavu. Katika kutembea kichwa cha farasi huenda mbele na kurudi kila hatua, hivyo mkono uliosimama tuli angani humgonga kinywa kila hatua, ingawa kwa mtazamaji unaonekana mtulivu. Utulivu unaotakiwa ni ule unaopimwa kutoka kinywani. Katika matiti kichwa hutulia zaidi, na hapo mpandaji ndiye anayeinuka na kushuka, kwa hiyo viwiko vifunguke anapoinuka ili mikono isipande pamoja na mabega yake.

Hatua ya tano: kuinuka katika matiti, na kupanda milima

Katika matiti miguu hutua kwa jozi za mshazari, mguu wa mbele wa upande mmoja pamoja na mguu wa nyuma wa upande mwingine. Ukiwa kwenye duara, inuka wakati bega la nje linapokwenda mbele, ukae linaporudi, maana kwa njia hiyo unakuwa umepunguza uzito mgongoni wakati mguu wa nyuma wa ndani unapokwenda mbele. Badilisha kila unapobadilisha upande. Farasi kijana anayepandwa siku zote kwa jozi moja huota misuli upande mmoja zaidi, kisha mpandaji hulalamika kwamba lijamu halimgeuzi upande wa pili.

Nchi yetu ya nyanda za juu haina uwanja mwingi ulio sawa, na hilo ni faida. Barabara za kuzuia moto kati ya misonobari ya Sao Hill, au njia pana zinazopita kando ya mashamba ya chai, humfundisha farasi kubeba mwili wake kwa miguu ya nyuma kuliko duara lolote. Fupisha vikuku tundu moja au mawili, inamia mbele kidogo kutoka nyonga unapopanda, ushike ukanda wa shingo, na umwachie kichwa. Unaposhuka, kaa wima bila kuegemea nyuma, miguu ibaki chini yako, mwendo uwe wa kutembea tu. Wakati wa mvua udongo mwekundu huteleza, na farasi anayeteleza huhitaji shingo yake yote ili ajisawazishe. Mpandaji anayemkaza vigwe wakati huo ndiye anayemwangusha. Hapo awali dakika 20 hadi 30 chini ya mpandaji zinatosha kwa siku.

Hatua ya sita: chagua lijamu

Sasa chuma. Anza na upana. Pitisha kamba safi kinywani, mahali lijamu litakapokaa, weka alama kwenye pembe zote mbili za midomo, kisha upime. Lijamu lenye pete za pembeni (zile zinazofungwa vigwe) zinazozunguka linahitaji nafasi ya takriban nusu sentimita kila upande, na lile lenye pete zisizozunguka linahitaji chini ya hapo. Lijamu pana kupita kiasi huteleza kushoto na kulia, na jembamba hubana midomo. Farasi wengi wa wastani huingia kwenye lijamu la sentimita 12.5 hivi, lakini usikubali kwamba lililomfaa mama yake lazima limfae mtoto, na usihamishe lijamu moja kutoka farasi hadi farasi kwa sababu tu ndilo lililopo.

Unene nao una mjadala wake. Tuliofundishwa zamani tuliambiwa kwamba lijamu nene ndilo laini, kwa kuwa shinikizo husambaa, na hilo ni kweli ikiwa kinywa kina nafasi. Lakini ulimi wa farasi hujaza karibu kinywa chote, na farasi mdogo mwenye ulimi mnene akitiwa chuma cha milimita 20 hushindwa kufunga kinywa na kumeza mate, kisha huambiwa mkaidi. Milimita 14 hadi 16 hufaa wengi. Ingiza vidole viwili pale penye pengo, uhisi kama kuna nafasi kabla hujaamua.

Kwa umbo, uamuzi wangu kwa farasi anayeanza ni lijamu lenye viungo viwili, lenye kipande kifupi laini katikati, na pete zisizozunguka. Viungo viwili hulifanya lifuate mviringo wa ulimi, ilhali lijamu la kiungo kimoja hujikunja na kubana ulimi na ufizi vigwe vyote viwili vinapokazwa pamoja. Pete zisizozunguka hutulia kinywani hata mkono wa mpandaji unapotikisika kidogo, na hazichubui pembe za midomo. Pete zinazozunguka zina sifa yake, kwa sababu farasi hapati mahali pagumu pa kuegemea, na mpandaji mwenye mkono uliokomaa anaweza kuzipendelea baadaye. Lipo pia lijamu lenye vyuma virefu pembeni, ambalo husukuma shavu na kumsaidia farasi kijana kuelewa kugeuka. Ni zuri uwanjani, lakini usiende nalo msituni, maana vyuma hivyo hunasa kwenye matawi na kwenye waya za uzio. Lijamu lisilo na kiungo huwasaidia farasi wanaoogopa msogeo kinywani, ingawa halitenganishi vizuri ujumbe wa kushoto na wa kulia.

Chuma kisichoshika kutu ni chaguo salama. Chuma cheusi kinachoshika kutu kidogo huwavutia baadhi ya farasi kutoa mate, na kutu hiyo nyepesi haina madhara. Mpira huonekana mpole, lakini farasi akiutafuna hutoka kingo zinazochubua, kwa hiyo ukague kila siku. Lijamu lililopakwa rangi ya fedha ambayo imeanza kubanduka litupe. Vilevile usimpe farasi lijamu lililotengenezwa na fundi wa kuchomelea kutokana na nondo, hata likiwa limesuguliwa, kwa kuwa maungio yake huwa na makali ambayo kidole hakiyahisi na ulimi huyahisi.

Kuhusu malijamu yenye mikono mirefu, yaani vyuma vinavyoshuka pembeni mwa kinywa na kufungwa vigwe kwenye ncha za chini, pamoja na mnyororo wa kidevu, hesabu yake ni ile ya wenzo tuliyosoma shuleni. Sehemu ya juu ya mkono ikiwa sentimita 5 na ya chini sentimita 10, mvuto wa kilo 2 kwenye vigwe hukaza mnyororo kwa takriban kilo 4, na ufizi hupokea takriban kilo 6. Kifaa cha namna hiyo si cha farasi ambaye bado hajui maana ya kigwe, wala si cha mpandaji ambaye mikono yake haijamaliza hatua ya nne. Malijamu ya waya uliosokotwa sioni kazi yake kwa farasi yeyote.

Hatua ya saba: livalishe, kisha umsome farasi

Asubuhi za Juni na Julai Kitulo, Njombe na Mufindi hupata hata umande ulioganda, na chuma kilicholala nje kinauma kinywani. Kiweke mkononi au chini ya koti mpaka kipate joto. Mfungue kinywa kwa kuingiza kidole gumba penye pengo, ukiongoza lijamu kwa mkono wa kushoto, bila kuligonga kwenye meno. Likae likigusa pembe za midomo, likiacha mkunjo mdogo mmoja kila upande; mikunjo mitatu ni dalili kwamba kanda za mashavu ni fupi mno, na likining'inia, farasi atajifunza kupitisha ulimi juu yake. Mkanda wa pua uache nafasi ya vidole viwili, vikiwekwa juu ya mfupa wa pua na si pembeni kwenye nyama ya shavu. Mkanda uliokazwa hufunga kinywa tu, na sababu iliyomfanya akifungue hubaki.

Siku za kwanza avae hatamu bila vigwe kwa dakika chache huku akipewa chakula na kupigwa brashi. Kisha mtembeze kutoka ardhini, umfundishe kusimama, kwenda na kugeuka kwa sauti kabla ya kigwe. Watunza farasi wa huku waliokulia nyuma ya maksai wana utajiri katika jambo hili, kwa maana wanajua kumsimamisha mnyama kwa neno moja linalotamkwa sawa kila siku. Akishapandwa, mpangilio uwe uleule: kaa wima na utoe pumzi, sema neno, ndipo ufunge vidole kwenye vigwe, na mara anapoitikia fungua vidole. Kufungua huko ndiko kunakomfundisha, kwa hiyo kukichelewa hata kidogo hajui alichopatia.

Farasi aliyeridhika hutafuna polepole, midomo ikiwa na unyevu, na masikio yakimsikiliza mpandaji. Akiachama, akitoa ulimi pembeni, akijificha kwa kuleta kidevu kifuani au akiinua kichwa juu, kwanza mwache msaidizi atazame mkao wako, kisha farasi yuleyule apandwe na mtu mwingine mwenye mkono mzuri. Tabia ikitoweka chini ya mtu huyo, rudi hatua ya tatu. Ikibaki, angalia meno na tandiko upya, na lijamu libadilishwe baada ya hayo tu, jambo moja kwa wakati mmoja, ukimpa farasi siku kadhaa kabla ya kuhukumu.

Kila baada ya kazi, osha lijamu kwa maji safi bila sabuni, pitisha kidole kwenye viungo vyake ili kuhisi kama vimelika, kisha kagua pembe za midomo na ufizi. Ukiona wekundu au mchubuko, apumzishwe kutoka kwenye chuma mpaka apone, na siku hizo atembezwe kwa kamba ya kichwani isiyo na lijamu.